Mguu wa Ng'ombe wa Tatu

Mbuzi wa ubatizo wa Dieumerci nilimchinja mimi. Naanzia hapo makusudi, mtu asije akaniambia kwamba sikumjua kijana yule, au kwamba nilimchukia kwa sababu ya dini. Alibatizwa parokiani hapa Baraka, dada yangu Félicité akasimama kuwa mama yake wa ubatizo, na mimi nikaitwa nyuma ya nyumba na kisu changu, kama nilivyokuwa nikiitwa kila mahali.

Kwetu mambo yalikuwa hivi. Katika ukoo mmoja wa Wabembe utakuta mmoja anakwenda msikitini, wa pili ni Mkatoliki, wa tatu anapiga makofi kwa Wapentekoste, na bibi yao hana habari na yeyote kati ya hao. Mimi ni Mwislamu kama baba yangu. Félicité, yaya yangu, yaani dada mkubwa ambaye tumetoka naye tumbo moja, ni Mkatoliki kama mama yetu. Sasa watu kama sisi tukiwa na arusi au matanga tutakula nini? Mkristo akichinja, Waislamu watakaa mikono mapajani wakinywa soda na kusema wameshiba. Mwislamu akichinja, wote wanakula, hata padri. Basi anachinja Mwislamu, sufuria inakuwa moja, na hakuna anayeangalia sahani ya mwenzake.

Mwislamu huyo nilikuwa mimi, Asumani Wilondja, ambaye watu wananiita Papa Faila kwa jina la binti yangu wa kwanza. Miaka thelathini na mmoja nilichinja kutoka Mboko mpaka Fizi. Watu walinitumia pikipiki. Familia zilinijia kuuliza kama nina nafasi siku fulani kabla hazijakwenda kumuuliza padri, na wako waliosogeza arusi wiki nzima kwa sababu yangu. Malipo yangu yalikuwa shingo ya mnyama, tena nilikatiwa bila kuomba, maana shingo ni haki ya mwenye kisu. Nilikuwa nikipita barabarani na shingo yangu ndani ya majani ya mgomba, watu wananiuliza ni ya nani leo, nami nasimama kuwaeleza. Nilipenda kuulizwa. Sifichi.

Ndipo ikaja Harakati.

Jina lake lilikuwa refu, nusu Kiarabu, nusu Kifaransa, lakini sisi tuliita Harakati tu. Wakubwa wake walikuwa Kinshasa. Walisema Waislamu wa nchi hii ni wengi kuliko tunavyohesabiwa, lakini hatuna waziri, hatuna hakimu wa ndoa zetu, na shule zetu zinakumbukwa mwisho. Kwa kuwa sheria haikubali chama cha dini, walijibandika kwenye orodha ya chama kingine wakatafuta viti kupitia humo. Hapa Baraka walichimba kisima, wakapaka shule yetu rangi, wakatuletea mgombea wa kiti cha jimbo, Maître Lubunga, avoka, yaani wakili, kutoka Uvira, mtu wa miwani na maneno yaliyonyooka. Siwatukani. Maji ya kisima kile nayanywa mpaka leo, na mengi waliyosema yalikuwa kweli.

Mkutano wao wa kwanza nilikaa mbele. Maître alizungumza vizuri, nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Halafu akauliza, "Ndugu zangu, sisi Waislamu wa Kongo, kazi yetu katika nchi hii ni kuchinjia wengine mbuzi tu?" Uwanja mzima ulisema hapana. Mikono yangu ilibaki hewani. Watu wawili watatu walinigeukia wakatabasamu, nami nikatabasamu pia ili nisionekane mjinga.

Wiki mbili baadaye alirudi Dieumerci. Alikuwa ameondoka na wazazi wake wakati wa vita, akakulia kambini ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Huko alisilimu, akasoma kwa walimu wa Kigoma, akarudi na ndevu, Kiswahili cha kunyoosha na jina jipya, Abdulmalik. Harakati walimpa koti jeupe, mabuti ya mpira, kisu kirefu kutoka ng'ambo na muhuri wa bluu wa kupiga kwenye nyama. Alikuwa na karatasi yenye picha yake, imeandikwa kwamba amefundishwa kuchinja. Mimi kuchinja nilifundishwa na baba yangu, na baba yangu hakuwahi kunipa karatasi.

Nilimwonea wivu siku ile ile nilipomwona. Niliuonea wivu mkono wake ambao haukutetemeka, nikalionea wivu koti. Zaidi ya yote niliona wivu alipokuja nyumbani kwangu, akavua viatu, akainama kunisalimia mpaka mke wangu akasema, "Huyu mutoto iko na adabu." Nilimjibu kwamba adabu haichinji. Na tangu siku hiyo nilikataa kumwita Abdulmalik. Nilimwita Dieumerci mbele ya watu, kwa sauti, hasa mbele ya watu wa Harakati. Aliitika kila mara bila kukunja uso, na hilo pia liliniudhi.

Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi Harakati waliandaa karamu kubwa kwenye uwanja wa shule. Walinunua ng'ombe watatu kutoka kwa wafugaji wa Minembwe, wakaalika kila mtu, Waislamu na Wakristo, na wakimbizi Warundi wa kambi ya Lusenda pia, ingawa wale hawapigi kura. Maître alitaka watu wote wale sufuria moja ili waone Waislamu wanaweza kulisha mji. Mimi niliposikia ng'ombe watatu nilijua hapo hakuna mwingine. Nilinoa kisu changu siku nzima, nikavaa kanzu ya Idi, nikafika uwanjani kabla ya jua kupanda.

Dieumerci alikuwa amekwisha kufika na koti lake. Watu wa Harakati walinisalimia vizuri sana. Mmoja akanishika bega akaniambia kwamba wazee lazima wapumzike sasa. Nikawaambia sijachoka. Walitazamana. Ndipo Dieumerci mwenyewe akaja, akanong'ona kwa heshima, na Kiswahili chake cha Kigoma kikayeyuka akazungumza kama sisi.

"Papa, bamesema lazima ichinje mwenye cachet, huu muhuri. Lakini kama Papa anapenda, ashike miguu. Mi nitafurahi sana tukifanya pamoja."

Ningekwenda zangu nyumbani. Lakini watu walikuwa wanatazama, na kuondoka na kisu kilichonolewa bila kazi niliona ni aibu kubwa zaidi. Nikashika miguu. Mimi, Asumani Wilondja, nikachuchumaa kwenye matope nyuma ya ng'ombe na kanzu ya Idi.

Wa kwanza alikwenda vizuri, wa pili vizuri. Wa tatu alikuwa fahali mwekundu mwenye nguvu. Dieumerci alisema bismillah nikamsikia wazi, akapitisha kisu mara moja, na ule mguu wa nyuma wa kuume ukaniponyoka ukanipiga teke pajani nikaanguka chali. Watu walicheka kidogo, wakidhani nimeteleza kwenye matope. Dieumerci hakucheka. Alinyoosha mkono kuniinua, sikuushika. Niliinuka peke yangu. Baadaye nilimwona akipokea shingo tatu. Alizitazama, akageuka kunitafuta, lakini mimi nilikuwa tayari njiani, nikichechemea.

Sikwenda nyumbani. Nilipita kwa Mama Espérance, anayeuza chai na mikate karibu na soko, nikakaa kwenye benchi na watu wengine watano sita. Mama Espérance alinitazama mikono.

"Papa Faila, leo ng'ombe tatu na hauna shingo hata moja?"

Hakusema kwa ubaya. Amezoea kunitania hivyo. Lakini wale watu kwenye benchi walinyanyua macho wakaitazama mikono yangu.

"Shingo ya ile ng'ombe ya tatu?" nikasema. "Mi siwezi kuikula."

"Juu ya nini?"

"Mi njo nilikuwa nashika miguu ya nyuma. Muguu haikurusha."

Benchi lote liliweka vikombe chini. Kila Mwislamu anajua maana yake, na kwetu Wakristo nao wanajua. Mnyama akiwa hai, kisu kikipita, mguu unarusha teke. Usiporusha, alikwisha kufa kabla, na hiyo ni nyama ya kibudu, haramu. Na nani atajua kama mguu ulirusha au haukurusha? Mwenye kisu anatazama shingo. Watazamaji wanatazama damu. Anayejua mguu ni yule aliyeushika. Walinipa miguu ili kuninyima kisu, na kwa miguu ile ile nikapata neno ambalo hakuna aliyeweza kulipinga.

Nilikunywa chai yangu. Nakumbuka ilikuwa tamu.

Kabla ya adhuhuri mji mzima ulijua. Kule uwanjani watu walikuwa wamekwisha kupakuliwa. Nilisimuliwa kwamba mzee mmoja wa msikiti wetu alitema kwenye kitambaa mbele ya wageni, na mama mmoja Mkatoliki aliyekuwa amekaa naye akasema, "Kumbe bametulisha maiti." Wakristo walikasirika kwamba wamealikwa kula uchafu. Waislamu walikasirika zaidi, maana wao walikula haramu. Harakati waliaibika mbele ya wote kwa siku moja.

Jioni mke wangu aliniona nikivua kanzu. Pajani nilikuwa na alama nyeusi, pana kama kiganja, na katikati yake ukwato ulionekana kabisa.

"Nini imekuumiza?" akauliza.

"Pikipiki ilinigonga sokoni."

Aliweka maji kwenye moto, akatia chumvi, akaja kunikanda na kitambaa. Mama Faila amenikanda miaka mingi, anajua tofauti ya pikipiki na ng'ombe. Alikanda polepole kuuzunguka ule ukwato, na alipomaliza alikwenda kulala upande wa watoto.

Ijumaa wakaniita baada ya sala, kwenye ua wa msikiti. Imamu wetu alikuwepo, na Maître Lubunga, na wakubwa wawili wa Harakati waliopanda boti kutoka Uvira. Dieumerci alisimama mbele yao na koti lake. Niliingia nikijilazimisha kutembea sawasawa, na kila hatua paja liliniuma mpaka jasho likanitoka.

Imamu akauliza, "Papa Faila, ni kweli ulisema?"

Hapo palikuwa na mlango. Ningeweza kusema nilikosea, kwamba labda mkono wangu uliteleza, mzee akisema hivyo husamehewa. Nilimtazama Dieumerci. Koti lilikuwa jeupe sana, na mfukoni mwake muhuri ulitengeneza kivimbe kidogo. Nilifikiri juu ya bega langu lililoshikwa na kuambiwa lipumzike.

"Nilisema," nikajibu. "Muguu haikurusha."

Dieumerci aliuliza swali moja tu. "Papa, we njo ulishika muguu ya kuume?"

"Njo miye."

Alinitazama, halafu akatazama chini kwenye paja langu, halafu akanitazama tena. "Kama Papa anasema, basi," alisema. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaweka muhuri juu yake, akavaa viatu vyake mlangoni akaenda. Nilingoja nisikie furaha. Ilikuja, lakini ilikuwa ndogo kuliko nilivyoitazamia. Nilimchukia hata kwa namna alivyolikunja lile koti.

Mimi nilidhani mambo yataishia hapo, Dieumerci ametoka na mimi nimerudi. Lakini Maître alikuwa mwanasiasa. Jumatatu alizungumza redioni. Hakumtaja Dieumerci wala ng'ombe. Alisema chakula cha Mwislamu ndiyo heshima yake, na kwamba tumedharauliwa muda mrefu kwa sababu tunakula popote na kwa yeyote. Tangu sasa Mwislamu atakula nyama yenye muhuri wa Harakati, iliyochinjwa mahali pao, mbele ya mashahidi wao. Asiende kula kwenye nyua za watu ambako hakuna anayejua nini kimetokea. Na mwenye muhuri, alisema, atakuwa mzee mwaminifu ambaye jicho lake liliokoa waumini.

Mzee mwaminifu alikuwa mimi. Wakaniletea koti. Mikono ilikuwa mirefu, mke wangu akaombwa kuipunguza, akasema mashine yake imeharibika. Nikaikunja.

Uchaguzi ulipofika Maître alipata kiti. Wakristo hawakumpa, lakini Waislamu wote, hata wale ambao zamani walipiga kura kwa ukoo, walisimama nyuma yake kwa hasira ya nyama. Alikwenda zake Bukavu. Kiko kisima, iko rangi ya shule, niko mimi na muhuri. Kila Ijumaa nilichinja mbuzi mmoja au wawili nyuma ya soko, nikapiga muhuri wa bluu kwenye paja, watu wakanunua. Shingo nilipata. Hakuna aliyeniuliza ni ya nani, kwa kuwa haikuwa ya mtu, ilikuwa ya soko.

Pikipiki hazikuja. Mwanzoni nilisema ni msimu, watu hawaoi wakati wa mvua. Halafu nikaanza kusikia ngoma za arusi upande wa parokia, nikahesabu: moja, mbili, ya tatu. Nilimuuliza Mama Espérance nani amechinja. Alijibu kwamba hajui, wamechinja tu wenyewe.

Dieumerci alikuwa ameazima pikipiki akawa anabeba watu kwenda Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Nilimwona mara kwa mara amejaa vumbi. Alikuwa bado anasali safu ya nyuma, bado ananisalimia kwa kuinama. Watu walimpenda. Abiria walimngoja yeye, wakaacha pikipiki nyingine zikipita. Niliona wivu hata juu ya hilo, juu ya pikipiki ya kuazima na vumbi la Misisi. Sijui ningefanya nini na pikipiki.

Mwezi wa sita Félicité alituma habari kutoka Fizi, alikoolewa, kwamba Arlette, binti yake wa mwisho, anaolewa. Bwana arusi ni Ndayisenga, kijana Mrundi ambaye wazazi wake wanalima Lusenda. Nilifurahi kama mtoto. Arusi ya dada yangu, nani mwingine atachinja? Nilipiga kanzu pasi, nikavaa koti juu yake ili watu wa Fizi walione, nikatia muhuri mfukoni na kisu mkobani. Mke wangu alisema koti sitalihitaji. Nikamwambia yeye hajui mambo haya. Tulipanda milima alfajiri.

Tulipoingia uani, moshi wa nyama ulikuwa umekwisha kupanda. Sufuria kubwa tatu zilikuwa motoni, kina mama wakisonga bugali pembeni, na mwanamume mmoja mwenye damu mikononi alikuwa akinawa kwenye beseni. Alikuwa Ndikuriyo, mjomba wa bwana arusi, Mpentekoste. Nilisimama na mkoba wangu. Félicité akaja akifuta mikono kwenye kitenge, akanikumbatia, akanionyesha mpera nyuma ya nyumba, palipofungwa mbuzi mmoja mdogo mweusi.

"Yenu njo ile," alisema. "Na sufuria yenu iko pale, mpya, sijapika kitu ndani. Musiseme nimewachafua."

"Yaya, hukutuma muntu aniite nichinje?"

Félicité si mtu wa kupandisha sauti, na siku ile hakupandisha.

"Kuchinja kila muntu anajua, mudogo wangu. Hatukuwa tunakuita juu ya kisu. Tulikuwa tunakuita juu tukule pamoja. Sasa hatukule tena pamoja, nitakuita ya nini?"

Miaka thelathini na mmoja niliamini kwamba wanakuja kwa sababu ya mkono wangu. Nikamuuliza Waislamu wengine wa ukoo wako wapi, kina Alimasi, kina shangazi wa Mboko. Alisema walituma zawadi. Walisema hawawezi kuja arusini kukaa na soda, na uani kwake hakuna mashahidi wa Harakati. Waislamu waliokuja tulikuwa watatu, mimi, mke wangu, na Dieumerci, aliyekuja kwa mama yake wa ubatizo. Alikuwa amekaa peke yake chini ya mpera, karibu na mbuzi.

Nilikwenda mbele, chini ya turubai, ambako wageni walikuwa wameanza kupakuliwa. Sikupanga. Nilichukua kijiko nikagonga chupa ya soda, wakageuka wote, wakidhani mjomba anataka kumpa bibi arusi nasaha.

"Ile muguu ilirusha," nikasema.

Mzee mmoja wa Fizi akauliza kwa upole, "Muguu gani, Papa?"

"Muguu ya ng'ombe. Ile ya tatu. Mi nilidanganya. Ilirusha, ilinipiga hapa."

Watu walitazamana. Ndikuriyo alisimama, uso umembadilika. Alidhani nasema juu ya ng'ombe wake. Alianza kueleza kwamba ng'ombe alikuwa mzima, alimnunua mwenyewe, alitembea kwa miguu yake mpaka hapa, na mashahidi wako. Watu wakamtuliza. Mwingine aliniuliza kama nataka soda. Nilitafuta jina la kuwakumbusha, nikataja uwanja wa shule, nikataja karamu ya Harakati. Kijana mmoja akasema, "A, ile ya nyama mbaya," na jirani yake akamwambia hapana, ile ilikuwa juu ya siasa. Hakuna aliyeukumbuka mguu. Walikumbuka tu kwamba sisi na wao hatuli tena pamoja, na ilionekana kwao kama jambo la zamani. Kwaya ikaanza kuimba. Félicité alikuwa amesimama na upawa mkononi. Yeye alielewa. Alinitazama mpaka nikashusha macho, halafu akaendelea kupakua.

Nilirudi nyuma ya nyumba. Mke wangu alikuwa anakoka moto wa sufuria yetu mpya. Nikakaa kwenye jiwe karibu na Dieumerci.

"Nilikuwa najua," alisema kabla sijafungua mdomo. Alizungumza kwa sauti ya chini, akimkuna mbuzi kati ya pembe. "Nilikuona unaanguka. Na pale musikitini nilikuona unatembea."

"Mbona ulinyamaza?"

"Bangeniuliza nani anadanganya. Ningesema ni nani, Papa? We njo ulichinja mbuzi ya ubatizo yangu. Mama Félicité ananisimuliaka kila mwaka."

Hapo, badala ya kumwomba msamaha, wivu ulinishika tena, na ulikuwa mkali kuliko ule wa koti. Nilikuwa nimemnyang'anya kila kitu nilichokitamani kwake, na bado alikuwa na kitu ambacho sikuweza kukifikia wala kukivaa. Nilivua koti. Nikamsukumia pamoja na muhuri.

Hakulipokea. Alilitundika kwenye tawi la mpera, taratibu, mabega yakae sawa.

"Chinja, Papa," alisema. "Mi nitashika miguu."

Alimlaza mbuzi kuelekea kibla, akachuchumaa nyuma kwenye vumbi na suruali yake ya arusi. Kisu bado kilikuwa kikali. Nikasema bismillah, nikakata.

"Imerusha, Papa," Dieumerci alisema kwa sauti, kama shahidi anavyotakiwa, ingawa hapakuwa na mtu aliyeuliza.